Khelef Sudi na Miji Minane Isiyoulizana Bei

Khelef Sudi wa Wete hakupata kutueleza vizuri alifikaje Unduguni, na sisi majirani zake tuliacha kumuuliza. Kila tulipomuuliza alianza na barua ya mwaliko, ilivyokuwa nzito mkononi, ilivyopigwa mihuri minane, na jinsi mhuri wa saba ulivyogeuka juu chini. Akifika kwenye safari yenyewe, kahawa imekwisha na watu wamekwenda zao. Basi na tukubaliane kwamba alifika.

Kwa asiyemjua, Khelef alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa karafuu kwa miaka thelathini na moja. Aliandika kumbukumbu za kila kikao kwa mwandiko ambao hata waliomchukia waliusifu. Karafuu zenyewe zilizidi kupungua mwaka hadi mwaka, lakini hilo halikuwa jukumu la katibu. Alipostaafu alijipa jina la Mtaalamu wa Ushirikiano, akalichongesha kwenye kibao, akakitundika mlangoni. Tulimcheka, lakini tulimcheka kwa adabu, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa wanachama wa chama kile kile.

Jambo jingine la kujua ni hili. Hatua ishirini kutoka mlango wake pana duka la shemeji yake, Faki, kaka wa mkewe Bi Kazija. Khelef hakuwahi kununua humo hata kiberiti. Kumlipa shemeji aliona aibu, kuchukua bure aliona aibu zaidi, na kumwambia apunguze bei ndiyo usiseme. Kwa hiyo alipanda gari mpaka Chake kununua sukari, kisha akaipitisha mbele ya duka la Faki ameificha ndani ya koti. Faki alikuwa akiona kila mara, na kila mara alijifanya anapanga sabuni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyealikwa kuitazama Unduguni ikitia saini Mkataba Mkuu wa Ushirikiano.

Unduguni ni nchi ya miji minane katika bonde moja, na watu wake wote ni Waislamu wapole mno. Mji mmoja unalima vitunguu, mmoja unatengeneza ngozi, mwingine unafuma, mwingine una chai, na kuendelea hivyo mpaka minane itimie, kila mmoja ukiwa na kile ambacho jirani yake anakikosa. Khelef alipoelezwa hivyo aliandika kwenye daftari lake kwamba nchi hii imeumbwa kwa ajili ya biashara. Jioni ile ile akapewa chai kutoka ng'ambo, ndani ya pakiti yenye picha ya mlima asioujua, akiwa amekaa dirishani na shamba la chai likionekana mbele yake.

"Chai yenu ile hamuinywi?" aliuliza.

Aliyemwandalia chai alikuwa Bwana Muntasir, Katibu Mwandamizi wa Umoja wa Miji Minane, mtu mnene mwenye sauti laini na macho ya kutaka kulia muda wowote. "Ile ni ya ndugu zetu," alisema. "Tutamnunuliaje ndugu?"

Ndipo Khelef alipofundishwa Sheria ya Haya, ambayo watoto wa Unduguni huihifadhi kabla ya hesabu. Ndugu hamuulizi ndugu yake bei, kwani bei ni maneno ya watu wasiojuana. Ndugu hapokei malipo kwa ndugu yake. Na ndugu haombi, kwa sababu akiomba atamlazimisha mwenzake kutoa, na huenda mwenzake hana. Anayevunja sheria hii hafungwi wala hapigwi. Jina lake huandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa Umoja, na watu huanza kumsemesha kwa upole wa kupita kiasi, na waliowahi kusemeshwa hivyo wanasema ni afadhali jela.

"Na zawadi?" Khelef aliuliza. "Zawadi si inaruhusiwa?"

Muntasir alishusha pumzi. Zamani iliruhusiwa. Kisha watu wa Ngozini wakawapa watu wa Visimani tandiko moja la punda. Visimani, kwa heshima, wakarudisha ng'ombe wawili. Ngozini wakarudisha wanne pamoja na karamu. Baada ya miaka miwili hapakuwa na ng'ombe Visimani, wala chakula Ngozini, na pande zote mbili zilikuwa zikishukuriana kwa machozi. Umoja ukasimamisha zawadi kwa muda, mpaka Mkataba utakapozipangia utaratibu. Muda huo ulikuwa na miaka kumi na tisa sasa.

"Basi mnaishije?"

"Kwa Mgeni," alisema Muntasir, na akaelekeza kidole mlimani.

Juu ya mlima lilikuwapo ghala la bati lenye rangi mpya. Humo alikaa mtu mmoja kutoka nchi ya mbali ambaye hakuwa ndugu wa yeyote, na kwa sababu hiyo kila mtu aliweza kumuuliza bei. Watu wa Ngozini walimpandishia ngozi zao, akazinunua. Akazituma kwao zipigwe mhuri, zikarudi baada ya siku arubaini, na watu wa Visimani wakapanda kuzinunua kwa mara tatu ya bei yake. Kutoka Ngozini mpaka Visimani kuna mto mmoja mkavu, na juu yake Daraja la Mapenzi, lenye urefu wa hatua thelathini. Khelef alilipima mwenyewe kwa miguu. Watu walilipita kwenda kuoana, kuzikana na kuulizana hali, lakini hakuna aliyepita na mzigo.

Alipangishwa Visimani, nyumbani kwa mwanamke mjane aitwaye Bi Nuhaila. Huyu hakuwa mpole kama wenzake, au tuseme upole wake ulikuwa umechoka. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha miche ya vitunguu, ambayo ndiyo mbegu ya mji mzima: kila shamba la Visimani lilipandwa kutoka kwenye kitalu chake. Na kitalu kile kilikuwa kinakufa.

"Bomba limekauka," alimwambia Khelef asubuhi ya kwanza, akimwonyesha bomba la mkono lililosimama katikati ya uwanja. Aliusukuma mpini ukashuka bila kazi, ukatoa sauti ya mtu anayekohoa. "Kisima kina maji tele. Ndani mle mna washa ya ngozi, duara, kama kiganja changu. Ndiyo inayovuta. Imechanika. Maji ya kunywa twayafuata kule bondeni kwa ndoo, ya miche hayatoshi."

"Na washa inatoka wapi?"

Bi Nuhaila alinyoosha kidevu upande wa darajani. Ng'ambo, mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani, mwanamke mmoja mnene alikuwa anaanika ngozi. "Yule ni Durra. Bi Durra wa Ngozini. Anatengeneza washa nzuri kuliko zote bondeni. Namwona akizikata kutoka hapa nilipo."

"Na zilizoko kwa Mgeni?"

"Siku arubaini. Miche ina siku tisa, na hizo nimehesabu kwa huruma." Alichuma jani moja lililogeuka njano akalisugua kati ya vidole. "Mwaka juzi kitalu kilikufa hivi hivi. Nusu ya mtaa wakafunga nyumba zao, wakaenda kufanya kazi huko anakotoka Mgeni. Wanangu wawili wamo. Mwaka huu kikifa, bwana Khelef, na mimi nafunga nyumba."

Khelef alikumbuka jambo, na akafurahi mpaka akasimama. Yeye hakuwa mtu wa Unduguni. Alikuwa mgeni, mgeni mdogo, lakini mgeni. Yeye angeweza kuvuka daraja na kuuliza bei.

"Kesho baada ya alasiri," alisema, "nitakuletea washa yako. Niachie mimi."

Bi Nuhaila alimtazama kwa muda. Kisha akaingia jikoni akampikia chapati za kusukuma, na Khelef alikula sita, kwa kuwa alijiona amekwisha kufanya kazi.

Mkutano ulikuwa ufunguliwe siku ile, mwezi mosi. Ikawa vigumu, kwani kila mji uliuona mwezi kwa macho yake. Miji mitatu ilifika siku moja kabla, minne ilifika siku yenyewe, na mmoja ulituma salamu kuwa kwao mwezi bado na wasisubiriwe, ila wasianze bila wao. Waliofika walisimama mlangoni mwa ukumbi kuanzia saa tatu. Tatizo lilikuwa nani atangulie. Kila mjumbe alimwinamia mwenzake na kusema tafadhali, wewe kwanza, na mwenzake akasema haiwezekani, wewe ni mkubwa. Ilipofika adhuhuri wakaenda kusali, na imamu, aliyekuwa na akili, aliwarudisha ukumbini katika safu ile ile, wakaingia bega kwa bega kwa mlango wa mizigo. Khelef aliandika haya yote. Tulipomuuliza baadaye kama alicheka, alisema hapana, aliona ni utaratibu mzuri ambao chama chetu kingeweza kuuiga.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Mazulia yalitoka kwa Mgeni, viti vilitoka kwa Mgeni, na ukumbi wenyewe ulijengwa kwa msaada wake. Kutwa nzima walijadili utangulizi wa Mkataba: iandikwe "ndugu wapendwa" au "wapendwa ndugu". Mjumbe wa mji wa chai alisema kutanguliza mapenzi kabla ya undugu ni kugeuza mambo. Mjumbe wa mji wa wafumaji alilia. Hakuna aliyetaja chai wala nguo.

Siku ya pili asubuhi, Khelef akiwa amekaa nyuma na daftari lake, akisubiri alasiri ifike aende zake Ngozini, Bwana Muntasir alisimama kwenye maikrofoni.

"Yuko kati yetu mtu," alisema kwa sauti yake laini, "aliyeacha visiwa vyake akaja kututazama. Anasali nasi, anakula nasi. Kumwita mgeni ni kumtukana. Naomba Umoja umpe cheo cha Ndugu wa Heshima wa Miji Minane."

Khelef angeweza kukataa. Anakiri mwenyewe kwamba alikumbuka washa, aliikumbuka wazi kabisa, duara, kama kiganja. Lakini watu wawili walikuwa wanakuja na joho. Lilikuwa la samawati, lina nakshi za uzi wa dhahabu kifuani na mikononi, na katika miaka thelathini na moja chama chetu hakikuwahi kumpa Khelef hata saa ya ukutani. Akasimama. Akavishwa. Akashukuru kwa hotuba ya dakika arubaini, ambamo alitumia neno ushirikiano mara nyingi mno, na jina lake likatangazwa kwa vipaza sauti katika miji yote minane.

Alasiri alivuka daraja. Alikuwa bado anajidanganya kwamba mambo yatakwenda. Bi Durra, mwanamke mwenye mikono mikubwa iliyopakaa rangi ya magome ya kulainishia ngozi, alimwona kwa mbali akaanza kunawa.

"Karibu, ndugu yetu," alisema. "Tumekusikia kwenye kipaza sauti. Ingia ndani, jua kali."

Washa zilikuwa mezani. Zilikuwa kama thelathini, zimepangwa, zinang'aa kwa mafuta. Khelef alikaa mbele yake akaletewa kahawa. Alifungua mdomo akauliza hali ya watoto. Alifungua tena akauliza hali ya punda. Mara ya tatu ulimi uligonga neno lenyewe, na Bi Durra, aliyekuwa ameelewa tangu zamani, alitazama chini kwa aibu ili amsaidie asilitamke. Khelef alikunywa kahawa vikombe vinne, akaomba dua, akarudi.

Bi Nuhaila alikuwa amesimama kando ya bomba. Alimtazama mikono iliyokuwa mitupu, kisha akalitazama joho, akaligusa ukingo kuona uzi wake.

"Limekukaa vizuri," alisema, na akaenda kuchukua ndoo.

Khelef anasema ametukanwa na watu wengi, na mimi ni mmoja wao, lakini hakuna tusi lililomkaa moyoni kama hilo. Siku iliyofuata alikwenda kwa Muntasir kuomba avuliwe undugu. Muntasir alimwambia kwa huzuni kwamba inawezekana, ila inahitaji kauli moja ya miji yote minane, na nafasi katika ajenda ipo baada ya miaka miwili. Jioni yake alichota maji bondeni pamoja na Bi Nuhaila, joho amelifunga kiunoni, akamwaga nusu njiani. Siku ya nne vile vile. Miche ya upande wa mashariki ilikuwa imelala.

Siku ya tano alipanda mlimani kwa Mgeni. Alikuta mtu mwembamba, mwenye suruali ya kawaida, anakula mkate juu ya sanduku. Kwenye rafu nyuma yake zilikuwapo washa za Bi Durra, hata kamba aliyozifungia ilikuwa ile ile.

"Nipe moja," Khelef alisema. "Nitalipa unachotaka."

"Hazina mhuri," alisema Mgeni. "Nikiuza bila mhuri wataanza kufikiri mhuri si kitu." Akasogeza mkate wake Khelef apate pa kukaa. Hakuwa mtu mbaya, na Khelef anasema hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Wanadhani nina viwanda," aliendelea Mgeni. "Sina hata cherehani. Ninachouza hapa ni uso mkavu. Kila mmoja wao ana kila kitu isipokuwa hicho."

"Na huogopi kwamba siku moja watauziana wenyewe?"

"Walishafanya. Mwaka mmoja Ngozini na Visimani waligombana, nadhani kwa sababu ya mbuzi. Miezi mitatu hawakuwa ndugu, na miezi mitatu walipitisha mizigo darajani mpaka mbao zikalegea. Nilikaa hapa nikisinzia. Nikaona sina budi, nikagharamia suluhu. Na karamu. Na ule ukumbi wenu pia." Akapangusa makombo. "Undugu wenu unanigharimu sana, lakini unanilipa."

Sasa, mtu mwingine yeyote angeteremka mlima ule mbio. Khelef aliteremka taratibu, kwa sababu alikuwa anayaweka maneno ya Mgeni katika lugha ya kumbukumbu. Alifika, akakaa mkekani, na wakati Bi Nuhaila anachambua kunde akamsomea kama jambo la kumburudisha: kwamba katika kipindi cha mgogoro wa mbuzi, ilibainika kuwa upitishaji wa mizigo uliongezeka, na kwamba kikao kiliipokea taarifa hiyo.

Mkono wa Bi Nuhaila ulisimama ndani ya ungo.

"Soma tena," alisema.

Akasoma tena. Bi Nuhaila aliweka ungo chini, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka. Khelef alimfuata na daftari.

Ilikuwa saa ya kuulizana hali, na daraja lilikuwa na watu wengi wa pande zote mbili. Bi Nuhaila alisimama katikati kabisa.

"Durra," aliita. "Toka nje nikwambie."

Bi Durra alitoka na kisu chake cha kukatia ngozi, akitabasamu. "Kheri, dada yangu?"

"Usiniite dada. Miaka kumi nakunywa kahawa yako, Durra, na miaka kumi naimeza kwa adabu. Ina ladha ya magome."

Tabasamu la Bi Durra lilitoka usoni pole pole, na Khelef anaapa kwamba aliona machozi yakikaribia. "Nuhaila," alisema, "nimekukosea nini?"

"Umenikosea mengi. Harusi ya mwanangu wa kwanza ulikuja umechelewa, ukakaa mbele. Kanga niliyokuazima ya msiba ukaikata ya jikoni, niliiona. Mimi na wewe undugu basi. Umesikia? Kuanzia leo hatujuani." Kisha akaelekeza macho yake kwenye meza ya washa, akayarudisha usoni kwa mwenzake, na kuyaacha hapo.

Bi Durra aligeuka akaitazama meza. Akalitazama bomba kule ng'ambo. Ilichukua muda. Kisha aliweka kisu chini, akajipangusa mikono, akaja mpaka katikati ya daraja na mabega yamenyanyuka.

"Hatujuani?" alisema. "Afadhali. Maana vitunguu vyako, mama, vinanipandisha kiungulia tangu mwaka wa njaa, na nilikuwa namwambia mume wangu ni vitamu. Nyumba yako ina moshi. Mwanao wa pili hajui kuadhini. Na ile kanga nilikata, ndiyo, ilikuwa inachuja rangi."

"Ilikuwa inachuja?"

"Ilichuja mpaka wanangu wakawa wekundu."

Bi Nuhaila aliuma mdomo. Hilo la kanga lilikuwa kweli na lilimuuma kweli, tena walivyoendelea yakatoka mengine ya kweli, ya miaka na miaka, ambayo upole ulikuwa umeyafunika. Halafu Bi Nuhaila akavuta pumzi, na kwa sauti kavu, mbele ya miji miwili, akasema neno ambalo Khelef alishindwa kulisema kwa vikombe vinne vya kahawa.

"Washa bei gani?"

Mzee mmoja alikaa chini. Bi Durra alijibu bila kupepesa. "Vikapu vitatu vya vitunguu."

"Vitatu, kwa kipande cha ngozi? Kimoja."

"Kimoja kampe Mgeni. Viwili, na usinisalimie."

"Viwili, na sitakusalimia."

Jua lilikuwa bado juu wakati bomba lilipotoa maji. Yalitoka mekundu kwanza, kisha meupe, na Bi Nuhaila alisukuma mpini mpaka kanga zake zote mbili zikalowa. Upande wa mashariki wa kitalu ulikuwa umekwisha kufa. Upande mwingine ulikunywa. Bi Durra alikuwa ameketi darajani na vikapu vyake viwili, amewapa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Kesho yake mafundi seremala wa miji miwili waligombana juu ya jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza, na mbao zikavuka. Kesho kutwa wafumaji waliwaita watu wa chai mabahili, nao watu wa chai wakajibu kwamba nguo zao zinawasha, na kabla ya adhuhuri kila upande ulikuwa na kile ulichokikosa kwa miaka kumi na tisa. Watu walitukanana barabarani kwa bidii, wakipeana mizigo.

Bwana Muntasir aliitisha Kamati ya Suluhu haraka sana. Mgeni alikuwa ameleta kondoo wanne wa karamu. Walikaa uwanjani kwa Bi Nuhaila, karibu na bomba, wajumbe wa miji yote minane kwa mara ya kwanza wamefika siku moja, na Khelef, kwa kuwa ndiye ndugu mwenye mwandiko mzuri, aliteuliwa kuwa katibu. Bi Nuhaila na Bi Durra walisimama mbele yao, kila mmoja ametazama upande wake.

"Undugu wetu unavunjika mchana kweupe," Muntasir alisema, na safari hii alilia kweli. "Leo tupeane mikono, turudi tulivyokuwa."

Wajumbe waliitikia. Bi Nuhaila alimtazama Khelef tu, kama alivyomtazama siku ile ya chapati.

Khelef alilitazama joho lake. Halafu akanyanyua kalamu.

"Hoja ya utaratibu, mheshimiwa," alisema. "Kumbukumbu za suluhu iliyopita, ile ya mbuzi, zilithibitishwa?"

Hazikuthibitishwa. Hakuna aliyejua ziliko. Khelef alisikitika, akaandika. Akauliza kama neno "kupeana mikono" lina tafsiri iliyokubaliwa, na ni nani atatangulia kunyoosha mkono. Wajumbe walianza kuombana kila mmoja amtangulize mwenzake. Akapendekeza kamati ndogo ya kutazama mkono. Ikapita. Akapendekeza kamati ya kutazama kazi ya kamati ndogo. Ikapita. Miaka thelathini na moja ya vikao vyetu vya karafuu, ambamo hakuna kilichowahi kufika mwisho, ilimjia vidoleni, na alifanya kazi kwa uzuri ambao sisi tuliokuwa wanachama wake tungeutambua mara moja, na pengine tungeona haya.

"Inabaki tarehe ya kikao kijacho," alisema mwishoni. "Napendekeza mwezi mosi. Ila kwa heshima ya undugu, isiwe mwezi mosi wa mji mmoja au wa mwingine. Tungoje mpaka mwezi uonekane siku moja katika miji yote minane."

Wote walikubali kwa kauli moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupinga jambo la heshima kama lile. Muntasir alitia saini kumbukumbu, akampa Khelef mkono, akamwambia hajawahi kuona kikao kilichoendeshwa vizuri hivyo. Nyuma yao bomba lilikuwa linadondosha. Mgeni aliondoka na kondoo wake watatu, maana mmoja alikuwa ameulizwa bei na Bi Durra.

Khelef aliondoka Unduguni bila joho. Alimwachia Bi Nuhaila, ambaye alilitandika juu ya fito nne kuikinga miche na jua la mchana, na Khelef anasema nakshi za dhahabu zilipendeza zaidi zikiwa pale. Waliagana kwa matusi mawili au matatu ya kawaida.

Wete alifika siku ya Alhamisi. Tulimwona akiingia na begi lake, amekonda. Bi Kazija alimpokea, akamwambia chai ipo jikoni, lakini sukari imekwisha, na gari la Chake linaondoka sasa hivi kama anataka kuliwahi. Khelef alitoka nje. Alisimama chini ya kibao chake cha Mtaalamu wa Ushirikiano muda mrefu, mpaka gari likapita. Kisha akatembea zile hatua ishirini. Faki alimwona akija, akaanza kupanga sabuni.

"Faki," Khelef alisema, ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, "leo nimekuja tugombane kidogo. Halafu uniambie sukari bei gani."